SUBARU YA BRAZA NA WESE LINALOPOTEA: NANI MWIZI?

Najua wengine hapo kafe mmebakiwa na dakika kumi kabla jamaa wa kaunta hajaanza kuwakata, kwahiyo nakwenda moja kwa moja kwenye mada: gari za spoti na wese. Sio wese la kwenye tangazo, wese la kweli, lile unalolipia.

Nimeamua kuandika hii kwa sababu nyumbani kwetu ilibaki kidogo pachimbike.

Braza wangu mkubwa alinunua Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2005, mtumba kutoka Japani. Kwa wasioijua: injini EJ20, cc 1994, silinda nne zimelala ubavu, mbili kulia mbili kushoto, tabo juu yake, na tairi zote nne zinavuta. Makaratasi ya Japani yanasema nguvu za farasi 280. Ikiingia mtaani kwetu Mbezi hata watoto wanaacha mpira. Gari kali, hilo sibishi.

Tangazo aliloliona braza liliandika km 10 kwa lita. Tenki ni lita 60. Braza akapiga hesabu ya darasa la tano: 60 mara 10, km 600. Matokeo? Kila akifika km 270 au 280 taa ya mafuta inawaka! Nusu ya wese imekwenda wapi?

Sasa pale nyumbani tulikuwa tunakaa na dogo, mtoto wa mamdogo wa Morogoro. Ndo alikuwa anaosha gari kila jioni, na funguo anakabidhiwa yeye. Mmeshaona mambo yanapoelekea. Braza akasema dogo ananyonya mafuta kwa mpira anaenda kuwauzia bodaboda. Dogo akaapa, akalia, hakuna aliyemsikiliza. Mimi mwenyewe nilikaa kimya, na hilo linaniuma mpaka leo. Akapandishwa basi, akarudishwa kwa mama yake na jina la wizi.

Haya. Wiki mbili baadaye taa ikawaka. Km 274. Dogo yuko Morogoro, mpira kashika nani?

Hapo ndo nikaingia mtandaoni kusoma, halafu nikamwambia braza tupime kwa akili. Kupima ni rahisi kinoma. Unajaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, unarudisha ile namba ndogo ya safari kwenye dashibodi iwe sifuri, unatembea siku zako, ukirudi unajaza tena sheli ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, mpaka ijikate. Km ulizotembea gawanya kwa lita zilizoingia. Basi. Achana na mshale wa mafuta, ule hausomi sawasawa, nusu ya kwanza unashuka taratibu halafu nusu ya pili unadondoka kama embe. Na kama umebadilisha tairi ukaweka za saizi nyingine, ujue hata zile km zinadanganya kidogo.

Tenki la kwanza, braza anaendesha kama kawaida yake, Mbezi mpaka Posta na kurudi: km 271, lita 49.3. Hiyo ni km 5.5 kwa lita. Gari ilikuwa inalala ndani ya geti, kifuniko cha tenki kimefungwa, na mtuhumiwa yuko mkoa mwingine.

Kwahiyo mwizi ni nani? Twende taratibu.

Kwanza ile km 10 ya tangazo. Kwa gari za Japani za miaka ile, namba hizo zilitoka kwenye kipimo kinaitwa 10-15, kilichoanza kutumika mwaka 1991. Gari haiendi barabarani kabisa, inawekwa juu ya magurudumu ya mashine ndani ya chumba. Injini imeshapashwa moto. AC imezimwa. Inaendeshwa dakika 11 tu, umbali wa km 4.16, wastani wa spidi km 22.7 kwa saa, na spidi ya juu kabisa ni 70. Sabini wadau! Na kupandisha spidi kwenyewe ni kwa upole, kama umebeba trei ya mayai. Nani amenunua STI aendeshe hivyo? Wajapani wenyewe waliona kipimo hakifanani na maisha, kuanzia 2011 wakaweka kingine kinaitwa JC08, na baadaye wakahamia cha kimataifa kinachoitwa WLTP. Lakini mitumba mingi ya spoti tunayoizimia ni ya zama za 10-15, na tangazo linabeba namba ile ile ya zamani.

Wamarekani nao walibadilisha kipimo chao kwa gari za mwaka 2008, wakaongeza spidi kubwa, AC na baridi. STI ya kwao ya mwaka huo, ambayo ina injini kubwa zaidi ya cc 2500, ilipewa karibu km 7.2 kwa lita mjini na 9.8 barabara kuu. Umeona? Ukipima kwa ukweli kidogo tu, ile kumi inageuka kuwa namba ya safari ndefu, siyo ya mjini. Na mjini kwao siyo foleni ya Ubungo.

Foleni ndo mwizi namba moja. Injini ya cc 2000 ikinguruma gari imesimama inachoma kama lita moja kwa saa, ukiwasha AC inazidi. Braza kwa siku anasimama foleni saa nzima na zaidi, ukijumlisha asubuhi na jioni. Hapo hujatembea hata mita moja.

Halafu kuna hii ambayo ilinishangaza mwenyewe nilipoipigia hesabu ya fizikia ya kidato cha nne (kumbe ile fomula ya nusu emu vii skwea ina kazi!). Gari ya karibu kilo 1,500 ukiitoa sifuri mpaka 60, halafu ukakanyaga breki ikasimama, umechoma kama vijiko viwili vya chakula vya petroli kwa ajili ya kuipa mwendo tu. Mwendo wote huo umegeuka joto kwenye breki, umepotea. Ukifika 120 halafu ukasimama, siyo vijiko vinne, ni vinane, maana spidi ikizidishwa mara mbili nishati inazidi mara nne. Sasa mwenye STI pakitokea upenyo wa mita mia mbele yake anafanya nini? Anakanyaga, VUUUUM, anafika mkiani mwa daladala, breki. Upenyo mwingine, VUUUUM, breki. Mara 30 kwa safari. Kavua lita nzima, na daladala anaikuta pale pale.

Tabo nayo ina mambo yake. Injini ya petroli inapenda mchanganyiko wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ukienda taratibu, kompyuta ya gari inashika hapo hapo. Ukikanyaga mpaka chini, tabo inasukuma hewa nyingi, inaweza kukaribia mara mbili ya ile ambayo injini ingevuta yenyewe, na hewa nyingi inataka petroli nyingi. Lakini haiishii hapo. Kwa kuwa moto unakuwa mkali mno, kompyuta inamwaga petroli ya ziada makusudi ili kupoza vyumba vya moto injini isiyeyuke, uwiano unashuka mpaka kwenye 11 hivi. Hiyo ni theluthi nzima ya petroli juu ya ile ya kawaida, inayokwenda kupoza. Yaani unanunua petroli ikafanye kazi ya maji. Farasi 280 wote wakiwa kazini, gari inakunywa zaidi ya lita moja kwa DAKIKA. Ukiona hiyo nyingi, Bugatti Veyron kwenye spidi yake ya mwisho, ile ya km 400 na ushee kwa saa, inamaliza tenki la lita 100 kwa dakika 12 hivi. Teh teh, hapo hata sheli inakimbia yenyewe.

Na oktani. STI ya Japani imetengenezewa ile petroli yao ya daraja la juu, oktani karibu 100. Hapa tunaweka iliyopo. Ikianza kugonga ndani, kuna kifaa kinasikia, kompyuta inachelewesha cheche ili kuokoa injini. Nguvu inapungua. Dereva anahisi gari nzito, anafanya nini? Anaongeza mguu. Umeelewa mchezo.

Ila msije mkasema nimesema gari za spoti zote ni ulaji tu. Mwaka 2008 wale jamaa wa Top Gear wa Uingereza walichukua Toyota Prius, gari ya kubana matumizi, wakaikimbiza kwa nguvu zake zote kwenye kiwanja chao raundi kumi, na BMW M3 ya V8 ikawa inaifuata tu nyuma bila haraka. Prius ilipata karibu km 6.1 kwa lita, M3 karibu 6.9. Walikuwa wanatafuta kuchekesha kama kawaida yao, na mjini Prius inamla M3 mchana kweupe, lakini kitu chenyewe ni kweli: injini ndogo ukiitesa inakula, injini kubwa ukiibembeleza inatulia.

Basi tenki la pili nikamwambia braza ajaribu kubembeleza. Njia ile ile, foleni ile ile. Gia ya juu mapema, kuacha nafasi mbele, hakuna VUUUUM. Alikuwa na sura ya mtu aliyelazimishwa kwenda kanisani. Km 264, lita 41.9. Ni km 6.3 kwa lita. Imepanda, lakini haijafika 10, na haitafika, maana foleni huwezi kuibembeleza.

Pesa sasa. Safari zake za kazini ni kama km 968 kwa mwezi. Tuseme lita ni shilingi 3,000 kurahisisha hesabu (bei halisi angalia ya EWURA, wanatangaza kila mwezi). Kwa km 10 angetumia shilingi 290,400. Kwa km 5.5 anatumia 528,000. Tofauti 237,600 kila mwezi! Hiyo ndo pesa aliyosema dogo anaiba.

Nilipomwonyesha kwenye karatasi braza alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Jumamosi tunaenda Morogoro."

Tukajaza Kibaha ili foleni isituharibie hesabu. Tulikwenda 80, 90, tukifuata malori na zile sehemu za 50 za vijijini. Msamvu tukajaza: km 153, lita 15.6. Km 9.8 kwa lita! Gari ile ile iliyokuwa inakunywa kama pipa bovu. Kwahiyo tangazo halikudanganya sana, lilikuwa linaongelea maisha ambayo braza haishi.

Kwa mamdogo sitasimulia yote. Braza alipiga magoti, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mamdogo alisema maneno mawili matatu ambayo hayaandikiki, halafu akapika. Dogo alichukua nusu siku kabla hajaongea na sisi.

Tulirudi watatu jioni. Kupita Chalinze barabara ikawa nyeupe, braza akasahau somo lote, 130, 140. Upinzani wa upepo unapanda kwa mraba wa spidi: ukitoka 80 ukaenda 120 upepo unakusukuma mara mbili na robo zaidi, 140 ndo usiseme. Akapigwa tochi, elfu 30 ikaondoka hapo hapo. Kibaha tukajaza: km 153 zile zile, lita 22.2. Km 6.9 kwa lita. Njia ile ile, gari ile ile, siku ile ile, lita 6.6 zaidi zimeliwa na mguu mmoja wa kulia.

Kabla sijasahau, kuna wanaouza sumaku za kubana kwenye mpira wa mafuta eti zinapunguza ulaji. EPA ya Marekani imepima vifaa vya aina hiyo zaidi ya 100 na vingi havikusaidia kitu. Na wale wa kutupa gia fri mteremkoni: gari za sindano za mafuta, ukiachia mguu ukiwa ndani ya gia zinakata petroli kabisa, ukiweka fri ndo zinaanza kuchoma ili injini isizime. Unapoteza wese na breki ya injini kwa mkupuo.

Gari bado ipo, braza hauzi. Siku za kazi sasa anaiacha anapanda mwendokasi, STI ni ya wikiendi. Dogo karudi, funguo anashika yeye, na daftari la lita na km anaandika yeye, hamruhusu braza hata kuligusa. Juzi imesoma 7.1, mzee mzima kaja kunionyesha.

Wenye Altezza, Celica, RX-8 (nyie wa RX-8 najua mnalia kimya kimya), tenki kwa tenki, siyo kwa mshale: wekeni namba zenu hapo chini tuone.