Kapsoit: Uwanja wa Vita Usio na Kibao

Bismillahi Rahmani Rahim.



Sisi watu wa mwambao tumezoea kuwapeleka watoto wetu katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Huwaonyesha mizinga na kuta ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593, tukawasimulia namna Waomani walivyoizingira tangu 1696 hadi wakaitwaa 1698. Ni ada njema. Likizo ya Disemba iliyopita, hata hivyo, tuliwachukua vijana wa madrasa pamoja na wazazi wachache, tukapanda bara mpaka Kapsoit, mji mdogo wa kaunti ya Kericho ulio kwenye barabara iendayo Kisumu. Wengi walituuliza: huko kwenye majani chai mnakwenda kutazama vita gani, pasipo ngome wala mzinga?

Swali hilo ndilo lililotupeleka.

Mwenyeji wetu, mzee wa Kikipsigis, alitupokea kwa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu na kutiwa vumbi la mkaa. Vijana wetu walikunja nyuso kwanza, kisha wakaomba tena. Siku ya pili tulikodi matatu, tukafuatana naye hadi upande wa Sotik, katika kaunti ya Bomet. Tulipofika, alituonyesha mabonde na vilima. Hapakuwa na kibao wala mnara. Ng'ombe walikuwa wakila nyasi.

Yaliyojiri ni haya. Wakipsigis wa Sotik waliwavamia Wamasai wa upande wa Naivasha, wakachukua ng'ombe pamoja na wanawake na watoto. Serikali ya Kiingereza ilitaka warudishwe, nao wakakataa. Mwezi wa Juni 1905 likatumwa jeshi chini ya Meja Pope-Hennessy, likiwa na bunduki ya Maxim. Kumbukumbu zinataja watu 1,850 waliouawa, na maelfu ya ng'ombe waliotekwa. Miezi minne baadaye, tarehe 19 Oktoba, huko Nandi, Koitalel arap Samoei aliitwa kwenye mazungumzo ya amani. Alipofika, Richard Meinertzhagen alimuua kwa risasi.

Na hii chai, je? Nayo imo katika kisa hicho. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1919, eka 25,000 za Kericho zilitengewa maafisa wa Kiingereza waliopata vilema vitani. Walilima kitani. Bei ya kitani ilipoanguka mradi ukafa, na katika miaka hiyo ya 1920 makampuni ya chai yakaingia. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ambao ndio uliotoa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis na Wanandi. Walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Kikombe tukinywacho asubuhi nyumbani kina historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Wala pwani haiko mbali na habari hizi. Mwaka 1895, Wanandi walipoanza kupambana na Waingereza, Mbaruk bin Rashid al-Mazrui naye alikuwa akipambana nao huku kwetu. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, walipokamatwa 1913, walipelekwa kufungwa Kisii, jirani na Sotik. Wakatoroka, wakarudi Ugiriama kwa miguu.

Tulikuwa tukiyaeleza hayo, na tukifurahia namna vijana walivyosikiliza, ndipo binti mmoja wa miaka 12 akauliza: "Maalim, hao askari weusi wa Mwingereza walikuwa watu gani?"

Tulisita. Twakiri kwamba tulitafuta njia ya kulikwepa swali lile. Majeshi ya Waingereza ya zama zile yalikuwa na Wasudani wengi, Waislamu, ambao wajukuu wao ndio Wanubi wa Kibera. Na misafara yao ilibebwa na wapagazi wengi waliotoka mwambao. Hatukuweza kumwambia mtoto, mbele ya mzee yule, kwamba mikononi mwa watu wa dini yetu hamkuwa na bunduki. Tukamwambia ukweli, na macho yetu tukayaelekeza chini.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh, usiinamishe kichwa peke yako. Wamasai sisi ndio tuliowaendea kwanza. Wanawake wao walikuwa majumbani mwetu."

Hapo tukafahamu faida ya safari hii. Mwenyezi Mungu ametuhimiza kutembea katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotangulia. Hakutuhimiza kuwazingatia waliotudhulumu tu, tukawaacha waliodhulumiwa na watu wetu. Historia isiyomsumbua msimulizi huenda ameipunguza.

Kwa wazazi watakaopenda kufuata njia hii, twausia machache. Masweta na makoti ya mvua ni lazima, kwani mvua za Kericho hazina miadi. Mashamba mengi ya chai ni mali ya makampuni. Msiingie bila ruhusa. Msiokote kitu ardhini, hata kiwe kichwa cha mshale. Tafuteni mzee wa mahali hapo kabla ya kutafuta gari, mumpe heshima na muda wake. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza swala. Asiitumie kuwa sababu ya kuiacha. Mwende pia Nandi Hills mkazuru kaburi la kumbukumbu la Koitalel.

Wazee wanaoyajua mabonde yale kwa majina wanapungua kila mwaka, nasi pia tuna wazee wetu. Kabla ya likizo ijayo, kila mtoto na amkalie babu au bibi yake, aandike jambo moja tu: nani katika ukoo wetu alibeba bunduki, nani alikimbizwa nayo. Pengine itakuwa ni mtu mmoja.

Wabillahi tawfiq.