Godoro la Bei Mbaya

Mwenye duka atakuapia kwamba godoro gumu, la mshahara wa miezi miwili, ndilo dawa ya mgongo. Si kweli. Mwaka 2003 madaktari wa Hispania walitangaza matokeo ya jaribio lao: watu 313 wenye maumivu ya kiuno walipewa magodoro mapya, wengine magumu, wengine ya wastani. Baada ya siku 90, wa magodoro ya wastani ndio waliopata nafuu zaidi.

Basi vua viatu, ulale ubavu palepale dukani, muuzaji anune akitaka. Bega likiuma, ni gumu mno. Kiuno kikizama, ni laini mno. Inchi zisikudanganye: sponji nyepesi hubonyea mapema. Na kile kitambaa cha kung'aa utakilipia, kisha utakifunika shuka.