Filamu ya Milo Rau juu ya Congo: ujumbe ulisikika, mashahidi wakabaki njiani

Mwaka 2015, mwongozaji wa filamu kutoka Uswisi, Milo Rau, aliitisha korti juu ya vita vya mashariki mwa Congo. Vikao vilifanyika kwanza Bukavu mwezi wa tano, kisha Berlin, Ujerumani, mwezi wa sita. Mwaka 2017 filamu yake, Le Tribunal sur le Congo, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Locarno.

Korti hiyo haikuwa na askari wala gereza. Lakini mawakili na mashahidi walikuwa wa kweli, na wanasiasa wa jimbo la Kivu ya Kusini walikuja kujibu maswali mbele ya watu. Kwa mujibu wa waandaaji, baada ya vikao vya Bukavu waziri wa madini na waziri wa mambo ya ndani wa jimbo walipoteza vyeo vyao.

Kesi zilikuwa tatu: mgodi wa Bisie huko Walikale, mgodi wa dhahabu wa Twangiza, na mauaji ya Mutarule. Mutarule iko katika bonde la Ruzizi, wilayani Uvira, jirani na Fizi. Watu zaidi ya 30 waliuawa huko mwezi wa sita 2014.

Rau anataka kuonyesha kwamba damu inayomwagika vijijini inafungamana na madini yanayouzwa mbali. Kwa wakaaji wa Fizi, wanaoona dhahabu ya Misisi ikiondoka huku barabara zikibaki matope, hoja hiyo si ngeni.

Shida ni kwamba hoja imewekwa mbele na watu nyuma. Shahidi anasimama, anaeleza, kisha kamera inakwenda kwenye mgodi mwingine au kwa mtaalamu wa Ulaya. Mtazamaji anamaliza filamu akiwa ameelewa mfumo, lakini hajui shahidi yule alirudi nyumbani kwa namna gani, wala kama kusema mbele ya watu kulimletea hatari. Kesi tatu na miji miwili ndani ya filamu moja ni mzigo mkubwa, na aliyeubeba ni yule mwenye msiba.

Wakaaji wa Baraka wana kitu cha kulinganisha. Mwezi wa pili 2011, korti ya kijeshi iliyohamia mji huo ilisikiliza kesi ya ubakaji uliofanyika Fizi tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka huo. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 gerezani kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Wanajeshi wengine wanane walihukumiwa pamoja naye, mmoja akaachiliwa, na mwingine, aliyekuwa mtoto, akapelekwa kwenye korti ya watoto.

Kesi hiyo haikutafuta kueleza vita vyote. Ilifuata usiku mmoja, katika mji mmoja, na kuuliza nani alitoa amri. Hata hivyo siasa yote ilionekana humo: kamanda asiyezuia askari wake, serikali iliyo mbali, na wanawake wanaolazimika kusema ili waaminiwe. Hata upungufu wake ulionekana wazi, kwa sababu fidia iliyoamriwa, hadi dola 10,000 kwa kila mwathirika, miaka kadhaa baadaye ilikuwa bado haijalipwa.

Hilo ndilo somo kwa vijana wa Kivu wanaoshika kamera leo. Ujumbe hauhitaji kusukumwa mbele. Ukimfuata mtu mmoja kwa uvumilivu, kutoka siku ya msiba hadi siku anapodai haki yake, ujumbe utakuja wenyewe, na mtu huyo hatageuka kuwa mfano tu.

Kazi ipo. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa mwaka 2010, inasema watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, wilayani Fizi, kati ya tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 1998 na tarehe 2 mwezi wa kwanza 1999. Hakuna korti iliyomhukumu mtu yeyote kwa mauaji hayo. Familia zinazowakumbuka marehemu wao kila mwaka zina majina ya watu wao, na kila jina lina habari yake.