Ndege, Gari au Reli: Msafiri wa Kayna Apime Nini? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi barabara ya taifa namba 2 ya Kongo, inayotoka Goma kupitia Rutshuru, Kanyabayonga, Kayna na Lubero hadi Butembo na Beni, ilivyokatwa vipande na vita. Leo tuulize swali linalofuata: anayelazimika kusafiri apande nini? Kwa mkaaji wa Kayna swali hili ni gumu kuliko kwa wengine. Waasi wa M23 waliiteka Kanyabayonga mwisho wa Juni 2024, kisha Kayna na Kirumba, na tangu hapo mji wake uko upande mmoja wa mstari wa vita, Butembo upande mwingine. Akielekea kusini, barabara inamfikisha Goma, lakini uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mji ulipotekwa Januari 2025. Akielekea kaskazini, ndege za Kinshasa zinatua Mavivi, karibu na Beni, ila kufika huko ni kupita katikati ya majeshi mawili. Ndugu zake wa Butembo na Beni wana ndege ya kwenda Kinshasa, lakini Goma, walikokuwa wakishuka kwa gari, imekuwa mbali kama nchi ya kigeni.

Wengi wakipanga safari huanza na kilomita, wanafuata bei, na mwisho wanasikiliza hofu ya habari waliyoisikia jana. Mimi nasema tuanze na uhakika: ni kiasi gani cha gharama na cha hatari kinachojulikana kabla mtu hajafunga mzigo wake? Uwanja wa ndege unachosha, hakuna anayebisha. Unafika mapema mno, unafungua sanduku, unavua mkanda, unaambiwa uache kidumu cha mawese, unalipa Go-Pass, yaani ada ya uwanja wa ndege, ambayo ilipoanzishwa mwaka 2009 ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje. Hata hivyo usumbufu huo una mwisho unaojulikana, na bei yake imeandikwa, ni moja kwa mfanyabiashara na kwa mwanafunzi. Kwenye bariera ya barabarani bei inapangwa na anayeshika kamba. Inabadilika kwa saa, kwa sura ya gari, kwa kabila linalodhaniwa kwa kusoma kadi yako. Na mbele ya bariera hiyo hujui ziko nyingine ngapi.

Nitajibiwa kwamba ndege za kwetu zinaanguka. Ni kweli, na si jambo la kufunikwa. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuruka Goma ikaingia katika nyumba za Birere. Tarehe 24 Novemba 2019 Dornier 228 ya Busy Bee, iliyokuwa ikielekea Beni hapa kwetu, iliangukia makazi ya watu muda mfupi baada ya kuruka. Waliokuwa ndani walikufa, pamoja na watu waliokuwa chini. Umoja wa Ulaya umeyafungia anga yake makampuni ya ndege ya Kongo tangu mwaka 2006, na sababu zake ni za msingi. Lakini ajali ya ndege inaua wengi kwa siku moja na jina lake linabaki. Barabara inaua wawili leo, watatu kesho, na hakuna anayejumlisha. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliiacha ndege wakapanda magari, na mtafiti Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba katika miezi kumi na miwili iliyofuata watu wapatao 1,500 zaidi walikufa barabarani. Sisemi ndege zetu ni sawa na zao. Nasema hofu iliyo na picha kubwa inaweza kumsukuma mtu kwenye hatari kubwa zaidi isiyo na picha. Anayeogopa Mavivi aulize kampuni ni ipi, ndege ina hali gani, mvua iko wapi, kabla ya kukimbilia basi.

Wapo wanaotegemea msafara unaosindikizwa na wanajeshi. Tarehe 1 Septemba 2021, kwenye barabara ya Beni kwenda Komanda, msafara wa namna hiyo ulivamiwa na waasi wa ADF huko Ofaye, magari yakachomwa na makumi ya watu wakatekwa. Msafara unampa msafiri siku na saa ya kuondoka, na adui naye anazipata hizohizo. Uhakika wa ratiba peke yake hautoshi.

Kwa anayetoka Butembo au Beni kwenda Goma, njia ndefu ndiyo inayopita mtihani huu wa uhakika vizuri zaidi: Kasindi, Mpondwe, Kasese, Mbarara, Kabale, Kisoro, halafu Bunagana na Rutshuru. Ni kuzunguka kupitia nchi jirani ili kufika mji wa jimbo lako mwenyewe, jambo la aibu kwa taifa. Lakini upande wa Uganda ni lami na nauli inajulikana, na Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Uganda ilifungua tena Bunagana na Ishasha Julai 2025. Pingamizi dhidi ya njia hii ni zito: mpaka uliofunguliwa kwa amri hufungwa kwa amri, na kilomita 80 za Beni hadi Kasindi bado zinatishwa na ADF, walewale walioua wanafunzi wa shule ya Lhubiriha, Mpondwe, Juni 2023. Kwa hiyo kipande hicho kipitwe mchana, baada ya kuuliza madereva waliokivuka asubuhi hiyo. Na mwenye maharage au viazi hana ndege ya kumbebea gunia kwa bei ya soko. Kwake lori la Fuso halina mbadala, na hoja hii inamsaidia tu kuchagua saa ya kuondoka.

Kuhusu reli, kwetu haipo. Ya Uganda ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ikaachwa ife. Ya Uele inaishia Mungbere. Wanaodhani treni ingetuponya wakumbuke Nigeria: watu walikimbia watekaji wa barabara ya Abuja na Kaduna wakahamia kwenye treni, na tarehe 28 Machi 2022 treni ikavamiwa, abiria wakatekwa. Mombasa na Nairobi, abiria wa treni wanapanga mizigo chini inuswe na mbwa, kama uwanjani. Ulinzi unafuata watu popote wanapokusanyika.

Serikali ya jimbo, ambayo tangu Goma itekwe inafanyia kazi Beni, inaweza kuanza na jambo dogo: kutangaza redioni kila asubuhi hali ya barabara ya Kasindi, kipande kwa kipande, na orodha ya malipo halali katika kila kizuizi. Wanaozungumzia amani huko Doha na Washington nao waulizwe lini raia wa kawaida atapanda ndege Goma, na lini gari la Kayna litafika Butembo bila kuvuka mstari wa vita.