Drafti ya Makambako: mchezo huharibika mapema

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Zambia inaachana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita. Watu wanaosubiri gari katika baridi ya hapo hawakosi drafti: ubao wa kuchora kwa mkono na vizibo vya soda. Huyu kavilaza kifudifudi, yule kavigeuza chali. Kingi ni vizibo viwili vilivyopandana.

Anayefungwa hulaumu kete aliyoisogeza mwisho. Mara nyingi kosa lilishafanyika kitambo.

Kila upande una kete 12, ila mwanzoni zinazoweza kutoka ni 4 za mbele tu. Tatu zina njia mbilimbili, ya pembeni ina moja. Jumla 7. Mpinzani naye ana 7, kwa hiyo kila mmoja akishasogeza mara moja, ubao unaweza kuwa na sura 49, basi. Daftari la shule linatosha kuzichora zote.

Vipe namba 1 hadi 32 vyumba vinavyochezewa, kuanzia upande wa mweusi, yaani anayeanza; mwenzake ni mweupe. Mweusi anatoa 11 kwenda 15, katikati. Mweupe anajitolea: 22 kwenda 18. Kula ni lazima, kete ya 15 inaruka hadi 22, na hapo hapo ya 25 inailipiza na kutua 18. Wamelingana kwa kete, lakini sasa aliyekaa katikati ni mweupe.

Mwoga angetoa 9 kwenda 13. Pembeni haliwi mtu, kweli, maana hakuna chumba cha kumrukia. Lakini njia ya kutoka ni moja, 17; ikizibwa, kete hiyo imebaki pambo.

Hata kompyuta imewahi kuharibu mapema. Mwaka 1990 Marion Tinsley, mwanahisabati wa Marekani, alicheza drafti na Chinook, programu ya Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada. Iliposogeza mara ya 10, aliiambia papo hapo kwamba itajuta. Ilisalimu amri kwenye mara ya 36.

Mwaka 2007 Schaeffer na wenzake walithibitisha kwamba wasiokosea hutoka sare. Ila kingi wa drafti yao hutembea chumba kimoja kimoja, na wa vijiwe vyetu vingi hukimbia mstari mzima, kwa hiyo uthibitisho ule hauihukumu drafti yetu. Zile sura 49 ni zile zile kote, kwani kingi bado hajazaliwa.