Bluetooth inakatika ufukweni lakini chumbani iko poa? Usikimbilie kununua nyingine

Eafoni zako zinapiga vizuri kabisa ukiwa chumbani. Ukitoka kutembea ufukweni Bagamoyo, ule upande wa soko la samaki, zinaanza kukatakata. Ukirudi ndani zinapona zenyewe. Wengi wakifika hapo wanasema "nimeuziwa feki", na wikiendi wanapanda daladala mpaka Kariakoo kutafuta nyingine.

Inawezekana kweli ni feki. Lakini dalili hiyo peke yake, ya kukatika nje na kupona ndani, haithibitishi kitu. Hata eafoni za bei mbaya hufanya hivyo.

Iko hivi. Bluetooth ni redio. Ndani ya simu kuna kituo kidogo cha redio chenye nguvu ndogo, na ndani ya eafoni kuna kingine. Vinazungumza kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, na mawimbi hayo yana adui mmoja mkubwa: maji. Mwili wa binadamu nao sehemu yake kubwa ni maji. Simu ikiwa mfuko wa nyuma wa kulia na eafoni inayopokea iko sikio la kushoto, wewe mwenyewe umesimama katikati kama ukuta.

Sasa mbona chumbani haikatiki na mwili ni ule ule? Kwa sababu chumbani kuna kuta, dari na kabati. Mawimbi yanatoka kwenye simu, yanagonga ukuta, yanarudi na kufika sikioni kwa kuzunguka. Ufukweni hakuna cha kuyarudisha. Upande mmoja bahari, upande wa pili mchanga, juu mbingu. Yakitoka yameenda zake. Kumbe sehemu ya wazi, ambayo mtu angedhani ndiyo rahisi, kwa Bluetooth ndiyo ngumu.

Tiba haina gharama: hamisha simu. Itoe mfuko wa nyuma, iweke mfuko wa shati au ishike mkononi, au ihamishie upande wa pili uone. Kwenye baadhi ya eafoni, moja ndiyo inapokea kutoka kwenye simu kisha inamgawia mwenzake, kwa hiyo kubadilisha upande kunaweza kumaliza tatizo hapo hapo. Ukiingia baharini nayo, sahau: maji ya chumvi yanameza mawimbi haya ndani ya sentimita chache tu, hata kama kifaa chenyewe hakipitishi maji.

Ukitembea nje ukaona imetulia baada ya kuhamisha simu, umeokoa hela yako. Kama bado inakatika hata simu ikiwa mkononi mbele ya uso, basi kuna jambo lingine.

Simu au kifaa?

Kabla ya kwenda kwa fundi, fanya jaribio la dakika mbili. Unganisha eafoni au spika yako na simu ya mtu mwingine. Kisha unganisha simu yako na spika ya mtu mwingine. Tatizo likifuata spika, ugonjwa uko kwenye spika. Likibaki kwenye simu, ugonjwa uko kwenye simu. Vyote vikifanya kazi vizuri vikitenganishwa, basi vyenyewe viwili havielewani tu, na hilo ndilo tatizo rahisi kuliko yote.

Watu wengi huruka hatua hii, na ndipo hela inapopotea. Mtu anabadilisha spika mara mbili kumbe simu ndiyo yenye matatizo.

Kwa wasioelewana, dawa ni kufuta urafiki wa zamani na kuanza upya. Ingia Mipangilio ya simu, sehemu ya Bluetooth, gusa jina la kifaa halafu chagua "Forget" au "Unpair" (kwa walioweka simu Kiswahili utaona neno la kusahau au kuondoa). Zima kifaa. Kiwashe tena kwa kushikilia kitufe kwa sekunde kadhaa mpaka taa ianze kupepesa harakaharaka, kisha kitafute upya kwenye simu. Kikidai namba ya siri, jaribu 0000, ikikataa weka 1234. Vifaa vingi vya zamani hutumia mojawapo.

Ikishindikana kabisa, simu za Android zina sehemu ya kurudisha mipangilio ya Wi-Fi na Bluetooth kama ilivyokuwa mwanzo. Haifuti picha wala namba za watu, ila itasahau nywila za Wi-Fi zote, kwa hiyo ziandike kwanza. Kwa wenye iPhone, jueni kwamba kugusa alama ya Bluetooth kwenye ile skrini ya kuvuta haraka hakuizimi Bluetooth. Kunakata vifaa vilivyounganishwa tu. Kuzima kweli mpaka uingie kwenye Mipangilio yenyewe.

Spika imeshaolewa

Hapa ndipo penye visa vingi. Spika inakumbuka simu zilizowahi kuunganishwa nayo. Ukiiwasha, inaanza kutafuta mume wa zamani. Kama simu ya mdogo wako iko chumba cha pili na Bluetooth imewashwa, spika inaenda huko kimyakimya. Wewe uko sebuleni unabonyeza mpaka kidole kinauma, simu inaandika "imeshindwa kuunganisha". Spika haijaharibika, iko na mwingine.

Nyumbani ni usumbufu tu. Kwenye shughuli ni aibu. Bagamoyo ni mji wa muziki na ngoma, kuna TaSUBa pale, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na mazoezi ya vikundi siku hizi mara nyingi ni simu moja na spika moja. Kwenye harusi ndiyo usiseme. Bibi harusi anaingia, watu wamesimama, vigelegele vimeanza, wimbo unakatika. Au mbaya zaidi: simu inayopiga wimbo inapigiwa, na mlio unasikika ukumbi mzima.

Ukumbi wenye watu mia mbili una simu mia mbili au zaidi, nyingi zimewashwa Bluetooth, nyingine zinagawa intaneti kwa Wi-Fi, na Wi-Fi nyingi nazo hutumia gigahezi zile zile 2.4. Bluetooth ya kawaida hujitahidi kukwepa msongamano kwa kurukaruka kati ya njia 79, mara 1,600 kwa sekunde, lakini njia zikijaa zimejaa. Halafu watu hao mia mbili wamesimama kati ya simu na spika, na tumeshasema watu ni maji.

Kwa hiyo MC, DJ na wanakamati: kwa tukio lisilorudiwa, tumia waya. Au weka nyimbo kwenye flashi au memori kadi na kuichomeka kwenye spika. Kama ni lazima iwe Bluetooth, simu ikae jirani na spika, juu ya meza, mbali na kiuno cha mtu, na iwekwe hali ya ndegeni kwanza kisha Bluetooth iwashwe tena peke yake. Hapo hakuna atakayepiga simu katikati ya keki.

Chumvi ya pwani

Kuna tatizo moja ambalo watu wa bara hawalijui sana. Sikio moja linafanya kazi, la pili limekufa. Mtu anadhani Bluetooth imeharibika, kumbe eafoni hiyo haijapata chaji wiki nzima.

Angalia vile vidoti vya chuma chini ya eafoni na ndani ya kiboksi chake. Jasho, unyevu na hewa ya chumvi huacha utando juu yake, wakati mwingine wa kijani au mweusi. Umeme haupiti. Eafoni inakaa ndani ya kiboksi usiku kucha, asubuhi iko tupu, ikiwaka inazima baada ya dakika mbili. Betri ikiwa chini sana hata zile zinazowaka hukatakata.

Chukua pamba ya masikioni, iloweshe kidogo kwa spiriti, sugua vidoti taratibu, acha vikauke kabisa. Mswaki laini mkavu unasaidia kwenye kona. Usitumie wembe wala sindano. Kisha rudisha eafoni zote mbili ndani ya kiboksi, chaji vizuri, ndipo ujaribu.

Na kuhusu maandishi ya IPX7 kwenye boksi: maana yake ni kwamba kifaa kimepimwa ndani ya maji baridi, yasiyo ya chumvi, kina cha mita moja kwa dakika 30. Bahari haikuwemo kwenye kipimo. Spika ikidondoka baharini, izime, isuuze kwa maji safi kama kweli ni ya kuvumilia maji, ikauke siku nzima kivulini kabla ya kuichaji. Mchele uache jikoni. Apple wenyewe wameonya watumiaji wa iPhone wasiweke simu iliyolowa kwenye mchele, kwa sababu chembechembe zake zinaweza kuingia ndani na kuleta madhara.

Yanayoonekana mabovu kumbe mazima

Unasikiliza muziki, WhatsApp inaita, unapokea, sauti inakuwa kama redio ya mbao ya zamani. Si ubovu. Kwa eafoni nyingi, maikrofoni ikianza kufanya kazi njia ya sauti hugawanywa, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na ubora unashuka. Ukikata simu unarudi.

Mpira kwenye simu, mdomo wa mtangazaji unatangulia sauti? Hiyo nayo ni kawaida. Sauti lazima ibanwe, itumwe, ifunguliwe. Kwa kuangalia video haisumbui sana, kwa wacheza gemu waya bado ni mfalme.

Saa janja ndizo zinazotesa zaidi. Saa nyingi za bei nafuu haziunganishwi kwenye orodha ya Bluetooth ya simu. Zinaunganishwa kupitia programu yake maalumu. Programu hiyo kwenye Android za zamani lazima ipewe ruhusa ya mahali ulipo, na kuanzia Android 12 ruhusa ya vifaa vilivyo karibu. Ukibonyeza kukataa siku ya kwanza, saa haitaonekana mpaka uende ukairuhusu. Halafu simu nyingi zina tabia ya kufunga programu za nyuma ili kuokoa betri. Ikifunga ile ya saa, meseji haziji mkononi. Ingia sehemu ya betri, itoe programu hiyo kwenye orodha ya zinazobanwa.

Ukienda kununua

Kama umejaribu yote na kifaa kimethibitika kibovu, nunua kwa akili. Juni 2016 TCRA ilizima simu feki nchini, na iliweza kwa sababu kila simu ina namba ya IMEI ambayo mtandao unaiona. Spika na eafoni hazina IMEI. Hakuna namba ya kubonyeza ikakwambia hii ni orijino. Nembo kubwa kwenye boksi si ushahidi wa chochote, inachapishwa kirahisi kuliko eafoni yenyewe.

Kwa hiyo jaribu dukani, kwa simu yako, si ya muuzaji. Unganisha, cheza wimbo, weka simu mfuko wa nyuma, toka nje ya duka hatua kumi huku umeigeuzia mgongo. Piga simu kwa mtu umuulize anakusikiaje, maana eafoni nyingi mbovu hujulikana kwenye maikrofoni. Zima, washa, uone kama inajiunga yenyewe. Tazama kama sikio zote mbili zinaonyesha chaji. Muuzaji akikataa usijaribu, ahsante, nenda duka la jirani. Chukua risiti. Ukigundua umeuziwa bidhaa bandia, wa kumlalamikia ni FCC, Tume ya Ushindani, na bila risiti utahangaika.

Ukishanunua, ile ya zamani ukiiuza au kumpa mtu, ifute kwanza kwenye simu yako. Fanya hivyo hivyo kwa redio ya gari ulilokodi au unaloliuza: redio nyingi za gari huomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zako siku ya kwanza unapojiunga, na watu hubonyeza kukubali bila kusoma. Ukiiacha humo, dereva anayefuata anaweza kuona majina yote kuanzia mama mkwe mpaka bosi. Na likija ombi la kuunganishwa kutoka kifaa usichokijua ukiwa stendi au kwenye daladala, kataa, halafu zima Bluetooth mpaka ufike.