Damu ya Watoto Wetu

Mtoto analia usiku. Vidole vyake vimevimba, macho yamegeuka manjano, na mama yake anamkanda kwa maji ya moto hata kupambazuke. Asubuhi majirani wanaanza kunong'ona: ni nani aliyemroga? Mara nyingi kidole huelekezwa kwa mama mwenyewe, au kwa bibi mzee wa upande wake. Maneno ya namna hiyo si mageni Kamina, wala katika miji mingine ya Kongo, na yameharibu amani ya nyumba nyingi za Wakristo.

Ugonjwa huo una jina: selimundu. Wengi kwetu huutaja kwa herufi mbili tu, SS. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa desturi ni laini na za mviringo, hupindika mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo; ndipo maumivu huanza. Hakuna mkono wa mchawi ndani yake. Mtoto huurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili pamoja.

Mmoja wa mabingwa waliotufumbua macho juu ya damu hiyo ni Daktari Anthony Allison. Alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925, akalelewa Kenya katika shamba la wazazi wake, kisha akaenda kusoma. Mwaka 1949, akiwa angali mwanafunzi wa Oxford, alirudi Kenya kupima damu ya watu wa makabila mbalimbali. Akaona jambo la ajabu. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, mahali pengi watu zaidi ya 20 katika kila 100 walichukua alama ya selimundu. Lakini katika nchi ya juu yenye baridi, hakumpata hata mmoja katika 100.

Akajiuliza: ikiwa damu hii yaua watoto, mbona haijatoweka? Na mbona imejaa pale penye mbu wengi? Mwaka 1953 alirudi kutafuta jibu. Watu wazima 30 walijitolea kuambukizwa malaria chini ya ulinzi wake: 15 wenye alama hiyo, na 15 wasio nayo. Kati ya wasio nayo, vijidudu vya malaria vilionekana katika damu ya 14. Kati ya wenye alama, katika 2 tu. Alipima pia watoto wa Buganda, akaona vivyo hivyo. Mwaka 1954 akatangaza matokeo: anayerithi alama kwa mzazi mmoja tu, yaani AS, hukingwa kwa sehemu na malaria. Anayeirithi kwa wote wawili ndiye augua. Naye malaria ni hatari kubwa kwake.

Baadaye Allison aligeukia askari wa mwili, yaani zile chembe nyeupe zinazopigana na maradhi. Pamoja na mkewe, Elsie Eugui, alitafuta dawa ya kuwazuia askari hao wasiishambulie figo ambayo mgonjwa amepewa na mtu mwingine. Dawa hiyo, mikofenoleti, ilikubaliwa Marekani mwaka 1995, na imewasaidia wagonjwa wengi duniani. Alifariki mwaka 2014.

Kazi ya kuwahudumia wenye selimundu imeendelezwa na wana wa Afrika wenyewe. Daktari Léon Tshilolo wa Kinshasa, pamoja na wenzake wa Angola, Kenya, Uganda na Marekani, waliwatibu watoto 606 kwa dawa iitwayo haidroksiyurea. Mwaka 2019 walitangaza kwamba maumivu yalipungua zaidi ya nusu, malaria ikapungua, na vifo pia.

Enyi vijana mnaojiandaa kwa ndoa, pimeni damu mapema. Mume na mke wakiwa wote AS, katika kila mimba kuna nafasi moja katika nne ya kupata mtoto SS. Sheria ya Kanisa haihesabu jambo hili kuwa kizuizi cha ndoa. Lakini heri wachumba wajue ukweli kabla ya kuahidiana, kuliko kulaumiana baada ya kuzika mtoto.

Enyi wazazi, mtoto wenu akiwa SS, mpelekeni kwa daktari mara aonapo homa. Mlazeni ndani ya chandarua, mnywesheni maji ya kutosha, mpeni chanjo zote.

Nawe baba wa nyumba, usimfukuze mama wa mtoto wako. Nusu ya urithi ule ni yako. Bingwa yule alihoji damu yenyewe, nayo ikamjibu kweli. Nasi tuisadiki kweli hiyo, tumshike mkono mama anayekesha.